Pumzi 30 kwa kila mtoto

Ndugu Mwenyekiti, mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya, waganga wafawidhi, matabibu, wauguzi wenzangu, wajumbe wa kamati za usimamizi wa vituo, na ninyi wazazi mlioacha mashamba na biashara mkaja kukaa nasi leo: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi. Itifaki imeshazingatiwa, naomba nisiirudie.

Nimekuja na karatasi moja. Ni nakala ya ukurasa wa kaunta buku la mapokezi ya watoto, lile ambalo muuguzi wa zamu anaandika uzito, joto na pumzi kabla mtoto hajaingia kwa tabibu. Majina nimeyafunika, na kituo sitakitaja. Siku hiyo walipokelewa watoto 41. Safu ya uzito inapanda na kushuka, kama inavyotakiwa. Safu ya joto nayo hivyo hivyo. Halafu inakuja safu ya pumzi: 30, 30, 30, kuanzia juu hadi chini ya ukurasa. Kichanga cha wiki 3, pumzi 30. Mtoto wa miaka 4, pumzi 30. Mtoto wa miezi 8 aliyeandikiwa "kikohozi siku ya tatu, hanyonyi vizuri", naye 30.

Sikuileta karatasi hii ili nimseme aliyeandika. Namfahamu. Siku ile alikuwa peke yake mapokezi, na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na kliniki ya chanjo ambako alikuwa anaitwa kila baada ya muda mfupi. Na mimi mwenyewe, miaka yangu ya mwanzo wodini, niliandika pumzi ambazo sikuzihesabu. Mmoja wa watoto niliowaandikia hivyo alizidiwa usiku. Asubuhi nilipofungua faili lake nikakuta mwandiko wangu unasema anapumua vizuri. Imepita miaka 22 na mwandiko ule bado nauona.

Kilichonifanya niinakili ni jambo jingine. Robo mwaka ile kituo kile kilikaguliwa, na upande wa huduma za watoto kilifanya vizuri sana. Kitabu kipo? Kipo. Kimejazwa? Chote. Yupo mtumishi aliyepata mafunzo ya IMCI, ule mwongozo wa kumtibu mtoto mgonjwa kwa kumwangalia mzima mzima? Yupo. Saa ya kuhesabia pumzi ipo? Ipo, kwenye droo. Kila kisanduku kikapata tiki. Mkaguzi hakudanganya, na kituo hakikumficha kitu. Ila siku nzima, watoto 41, hakuna hata mmoja aliyehesabiwa pumzi, na fomu yetu ya ubora haikuwa na mahali popote pa kuliona hilo.

Wazazi huenda mnajiuliza kwa nini nang'ang'ania pumzi. Nimonia ni kati ya magonjwa yanayoua watoto wengi zaidi wa chini ya miaka 5, na kwenye zahanati isiyo na eksirei njia ya kuikamata ni kumtazama mtoto kifuani. Mama anampakata, mtoto ametulia, halii wala hanyonyi. Unampandisha nguo hadi kifua na tumbo vionekane. Unahesabu dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, kwa sababu pumzi ya mtoto haiendi sawasawa, inakimbia kidogo, inasita, inakimbia tena. Chini ya miezi 2, akifika 60 anapumua haraka. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, ni 40. Kisha unaangalia kama chini ya mbavu panabonyea anapovuta hewa. Yule wa miezi 8, akihesabiwa akakutwa na 54, anaondoka na amoksilini. Akiandikiwa 30 anaondoka na dawa ya kikohozi, na mama yake anarudi nyumbani akiamini mwanawe amepimwa.

Sasa tuitazame Tanzania nzima. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2004/05 ulikuta kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 112 wanafariki kabla ya kutimiza miaka 5. Utafiti wa 2015/16 ukakuta 67. Wa 2022 ukakuta 43. Hiyo ni kazi ya chanjo, ya vyandarua, ya dawa mseto, ya wahudumu waliotembea kijiji kwa kijiji, na baadhi yao wamekaa humu ndani. Tuna haki ya kujipongeza. Lakini ndani ya tafiti hizo hizo kuna mstari mwingine ambao hatuupigii makofi. Vifo vya watoto wachanga, wasiofikisha siku 28, vilikuwa 25 kwa kila 1,000 mwaka 2015/16. Mwaka 2022 vilikuwa 24. Na kati ya tafiti hizo mbili, uzazi unaofanyika kwenye vituo vya huduma uliongezeka kutoka asilimia 63 hadi asilimia 81.

Naomba tukae kidogo na namba hizi. Tuliwaambia akina mama wasijifungulie nyumbani, waje kituoni. Wakaja. Wamekuja usiku kwa bodaboda, na beseni, na ndoo, na khanga mpya, wengine wameuza kuku na mbuzi ili nauli ipatikane. Sehemu yao wameitimiza. Na vifo vya vichanga vimeshuka kwa 1. Sababu ziko zaidi ya moja, nakubali, na wapo wataalamu wanaoweza kuzichambua kuliko mimi. Lakini nimefanya kazi leba muda wa kutosha kuweza kusema kwamba wapo akina mama wengi ambao wao walifika, huduma ikawa haijawafikia. Na hili haliko kwetu peke yetu. Mwaka 2018 watafiti walichambua takwimu za nchi 137 za kipato cha chini na cha kati, watu wa rika zote. Walikadiria kwamba vifo milioni 8.6 kwa mwaka vingeweza kuepukwa kwa huduma nzuri za afya. Katika hivyo, milioni 5 ni vya watu ambao huduma waliipata, ila ilikuwa duni. Waliokufa kwa kutofika kwenye huduma ni milioni 3.6.

Wanaosomea mambo haya wanamjua Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyefundisha Michigan, Marekani. Mwaka 1966 aliandika kwamba ubora wa huduma unaweza kuutazama kwa milango mitatu: vilivyopo, yaani majengo, watu na vifaa, kinachofanyika kwa mgonjwa, na matokeo yake. Sisi tumezama kwenye mlango wa kwanza, na ninajua kwa nini. Vitu vinahesabika kirahisi. Mkaguzi anashuka kwenye gari, anafungua kabati, anahesabu, anaondoka kabla ya jua kuzama. Kinachofanyika kwa mtoto kinafanyika saa 9 usiku, na saa hiyo mkaguzi amelala.

Kwa hiyo niwapeleke Haydom.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iko wilayani Mbulu, mkoani Manyara. Kuanzia mwaka 2009 walifanya jambo ambalo wengi wetu, tukiambiwa, tungelikataa siku hiyo hiyo. Waliweka watu waliofunzwa, kwa zamu, usiku na mchana, kazi yao kusimama chumba cha kujifungulia wakiwa na saa mkononi. Hawa hawazalishi. Wanaandika: mtoto ametoka saa ngapi, amelia baada ya muda gani, na kama hakulia, barakoa ya kumpulizia hewa imewekwa usoni pake baada ya sekunde ngapi.

Wakunga mnajua kwamba watoto wengi wanalia wenyewe, na wengine wanaitikia ukiwakausha na kuwasugua mgongo. Wanabaki 3 hadi 6 kati ya 100 ambao lazima uwapulizie kwa mfuko na barakoa, tena ndani ya dakika ya kwanza. Zile saa za Haydom zilionyesha kitu ambacho hakuna kitabu cha MTUHA, mfumo wetu wa taarifa za huduma za afya, kingekionyesha. Kwa kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kupulizia, uwezekano wa mtoto kufariki au kulazwa muda mrefu uliongezeka kwa asilimia 16. Sekunde 30 ni nini? Ni kufungua droo ukakuta barakoa ya mtu mzima, ukafungua ya pili. Ni kumwita mwenzako mara mbili kwa sababu yuko upande wa wazazi waliokwisha kujifungua. Ni kukata kitovu kwanza kwa sababu ndivyo tulivyozoea.

Mwaka 2010 watumishi wa Haydom wakapata yale mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua, HBB. Mafunzo yale ni mazuri, na nchini kwetu hospitali 8 zilizoanza nayo zilishuhudia vifo vya saa 24 za kwanza vikipungua karibu nusu. Haydom walipima kwa namna mbili. Walimpima mkunga akifanya kwa mwanasesere: amefaulu, na miezi kadhaa baadaye bado anafaulu. Kisha wakaangalia zile karatasi za kando ya kitanda, na hapo hapakuwa na mabadiliko. Watoto waliendelea kusubiri hewa muda ule ule, na vifo vya saa 24 za kwanza havikupungua.

Fikirieni kama wangepima kwa fomu yetu. "Watumishi waliopata mafunzo: asilimia kadhaa." Wangepiga picha ya pamoja, wangetuma ripoti, na faili lingefungwa. Kwa sababu walikuwa na saa kando ya kitanda, waliona kwamba ujuzi umebaki kwenye chumba cha semina. Wakamhamishia mwanasesere leba. Dakika 3 kila wiki, dakika 40 kila mwezi, wakiongozwa na wenzao wa pale pale. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Jengo lilikuwa lile lile. Kazi hiyo ikaja kupanuliwa kwenye hospitali na vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ambako wakunga wanafanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara na kutazama takwimu zao wenyewe. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2025 yanaonyesha vifo vya watoto vinavyotokea karibu na kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000.

Sehemu ya hadithi hiyo inayonigusa zaidi ni kwamba namba zilirudi. Mkunga aliyempulizia mtoto Jumanne aliweza kujua alichelewa sekunde ngapi, na wiki hiyo hiyo akafanya mazoezi. Ulizeni hapa, nani amewahi kurudishiwa ripoti ya MTUHA ikiwa na kitu cha kumsaidia wodini? Tunajaza, tunajumlisha mwisho wa mwezi hadi usiku, tunapeleka wilayani, wilaya inaingiza kwenye mfumo, mfumo unapeleka juu. Mimi nimejaza miaka yote hii. Naweza kuwaambia watoto wangapi wa nimonia tuliwaona Machi. Siwezi kuwaambia wangapi walipata dozi ya kwanza ndani ya saa 1 tangu kulazwa, na hilo ndilo ningependa kulijua nikiwa msimamizi wa wodi.

Wenzetu wa Kenya wamelihangaikia hili. Kuanzia mwaka 2013 hospitali 14 za kaunti ziliungana na watafiti wa KEMRI, taasisi yao ya utafiti wa tiba, wizara yao ya afya na chama chao cha madaktari wa watoto. Mtoto akilazwa, daktari anajaza fomu moja ya aina moja: ana homa siku ngapi, pumzi ngapi, kifua kinabonyea au hakibonyei, anaweza kunywa au hawezi, uzito, dawa gani, kiasi gani. Mtoto anaporuhusiwa, karani anayaingiza kwenye kompyuta yale yaliyomo kwenye faili lake. Baada ya kila miezi kadhaa hospitali inarudishiwa picha yake yenyewe, waitazame na kuijadili. Fomu ile ina faida ambayo mtu asiyefanya kazi wodini anaweza asiione: inapokuuliza "kifua kinabonyea?", inakulazimisha uinue shati.

Kuna mtu ataniambia, dada, sisi ni zahanati, hatuna karani wala mtafiti wa kusimama na saa. Kweli. Lakini mnakumbuka kilichofanyika Morogoro Vijijini na Rufiji miaka ya mwisho ya 1990, IMCI ilipokuwa ngeni? Walitaka kujua kama inafanya kazi kweli, wakailinganisha na wilaya jirani za Kilombero na Ulanga. Hawakuishia kuuliza nani amefunzwa. Walikaa kwenye kituo. Tabibu akimaliza kumwona mtoto, mtaalamu wa pili anamwona mtoto yule yule upya, kuanzia mwanzo, kisha wanalinganisha. Halafu wanamkaribisha mama pembeni wanamuuliza ameambiwa nini. Katika miaka 2 iliyopimwa, vifo vya watoto kwenye wilaya zile mbili vilikuwa chini kwa asilimia 13 kuliko kwa jirani zao. Kumwona mtoto mara ya pili hakuhitaji kompyuta. Kunahitaji mtu mmoja anayejua kazi, asubuhi moja, na unyenyekevu wa pande mbili.

Na kumuuliza mama kunahitaji benchi tu. Mwezi uliopita nilikaa karibu na dirisha la dawa kwenye kituo kimoja, nimevaa nguo za nyumbani. Akatoka mama kijana, mtoto mgongoni, ameshika pakiti ya vidonge vya amoksilini, vile vinavyoyeyuka kwenye maji. Nikamsalimu, nikamuuliza mtoto anaumwa nini. Akasema, "Wameandika tu, sikuambiwa." Dawa utampaje? Akageuza pakiti, akaangalia alama za kalamu, kimoja na mistari miwili. Akasema, "Nadhani nimpe nusu, maana ni mdogo." Mtoto alikuwa na miezi 10, alitakiwa kidonge kizima, kutwa mara mbili. Nikamuuliza, ukiona nini utamrudisha haraka? Akaniangalia kama nimemuuliza swali la mtihani ambao hakuambiwa kama upo. Kwenye kitabu mtoto yule ametibiwa kwa usahihi: ugonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi. Nyumbani angepata nusu ya dawa.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya ubora wa huduma za watoto, na humo mawasiliano na mzazi, heshima kwa mtoto, na mtoto kukaa na mama yake wakati anatibiwa vimepewa uzito kama dawa na vipimo. Wapo wanaoona hayo ni mapambo. Mimi naona ni dozi. Mama aliyefokewa mapokezi kwa sababu kadi imelowa mvua hatauliza swali dirishani, na kesho mtoto akianza kutapika kila kitu, atafikiria mara mbili kabla ya kurudi.

Sasa niseme juu ya vifo, kwa sababu najua kuna kamati zinataka kutumia idadi ya vifo peke yake kama kipimo. Kuweni waangalifu. Kituo kinachokataa wagonjwa mahututi, kinachowaandikia rufaa mtoto akiwa bado mgongoni kwa mama, kitakuwa na vifo vichache sana. Watakufa njiani, au watahesabiwa hospitali ya wilaya. Na hospitali ikianza kusifika, wagonjwa mahututi wataletwa kutoka mbali, vifo vitapanda kabla ya kushuka. Namba ya vifo inabidi iulizwe: walifika wakiwa katika hali gani, na walifariki baada ya muda gani? Blantyre, Malawi, hospitali ya Queen Elizabeth ililiuliza hilo swali. Wakaona watoto wengi wanafariki saa 24 za kwanza, wengine wakiwa bado kwenye foleni nyuma ya watoto wenye mafua. Wakabadili foleni: kila mtoto anatazamwa anapofika tu, mwenye dalili za hatari anapita mbele, na matibabu ya dharura yanaanza hapo hapo. Kabla ya hapo, kati ya watoto 100 waliolazwa walikuwa wanafariki 10 hadi 18. Miaka iliyofuata wakawa 6 hadi 8. Walichobadilisha hasa ni nani anaonwa kwanza.

Nimefika sehemu ngumu ya maneno yangu, na nitaisema kwa heshima zote kwa viongozi walioko meza kuu.

Mwaka 2015/16 nchi yetu ilipima vituo vya ngazi ya msingi kwa nyota, karibu vituo 7,000, na takriban theluthi moja havikupata hata nyota 1. Ulikuwa ujasiri mkubwa kwa serikali kujitazama hivyo na kuyasema matokeo hadharani, na yaliyofuata tuliyaona: maji yakaingia vituoni, vyoo vikajengwa, kamati zikaamka. Marudio ya 2017/18 yakaonyesha waliobaki bila nyota ni wachache sana. Naziheshimu nyota zile. Lakini tangu hapo namba imekuwa kitu cha kuogopwa. Kituo kikishuka, mganga mfawidhi anaandikiwa barua ya kujieleza. Mtoto akifariki, swali la kwanza ni "nani alikuwa zamu?" Na mtu anayeogopa barua ataandika 30. Ataandika 30 kila siku, kwa kalamu nzuri na mwandiko safi, na sisi tutaijumlisha na kuipeleka juu.

Nilipomwendea yule muuguzi na hii karatasi, hakukana. Alisema, "Sista, nikiacha wazi nitaulizwa. Nikijaza hakuna anayeuliza." Nimelifikiria jibu lake tangu siku ile. Ni jibu la mtu anayejua vizuri sana tunachokipima.

Ombi langu kwa kikao hiki ni dogo. Kila kituo, kila mwezi, kichague asubuhi moja. Watoto 5 waonwe mara ya pili na mtu mwingine, pumzi zihesabiwe upya, uzito urudiwe, kadi ya kliniki isomwe. Kama mwaka jana tulipewa saa za kuhesabia pumzi na zimelala kwenye droo, zitoke leo. Kwenye dirisha la dawa mama 5 waulizwe yale maswali matatu: mtoto anaumwa nini, dawa utampaje, ukiona nini utamrudisha. Na kila leba iwe na saa kubwa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, mbele ya meza ya kupokelea mtoto, na mtu mmoja apangwe kabisa kwamba mtoto asipolia, yeye ndiye anayetaja sekunde kwa sauti. Wajumbe wa kamati, hiyo saa haihitaji bajeti ya mwaka ujao. Bei yake tunaiweza kwa mapato ya kituo.

Matokeo yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa chumba cha watumishi, pale pale kituoni, wayazungumze wenyewe wakati wa kukabidhiana zamu. Yakae kwao mwezi mzima kabla ya kuja wilayani. Miezi ya kwanza yatakuwa mabaya. Kwenye kituo nilichojaribu, katika watoto 5 tulikubaliana kwa 2 tu. Mwezi wa tatu tulikubaliana kwa 4, na yule mmoja tuliyetofautiana tulimhesabu tena pamoja, wote wawili tumeinama juu ya kifua chake, mama yake akihesabu nasi kwa sauti ya chini.

Wazazi, ninyi nanyi nawapa ruhusa mbele ya wakubwa wangu. Mtoto akiwa na kikohozi na hakuna aliyeinua nguo yake kumtazama kifua, sema: "Sista, naomba umhesabu pumzi." Sema kwa adabu, lakini sema. Asiwepo muuguzi wa kukasirika. Mwambieni nimewatuma mimi.

Yote hayo yanasimama au yanaanguka kwa jambo moja ambalo siwezi kuliahidi mimi, kwa sababu si mimi ninayeandika barua katika wilaya hii. Watumishi hawa wanahitaji kusikia, leo, kutoka kwa mtu mwenye mamlaka hayo, kwamba namba mbaya itakayotokana na zoezi hili haitamletea mtu barua ya kujieleza, haitaingia kwenye tathmini ya mwaka, na haitatajwa kwenye kikao ikiambatana na jina. Nimeongea naye jana jioni, akaniambia atafikiria. Nimeleta na karatasi yangu ya pumzi 30, nitaiweka mezani kwake.

Mganga Mkuu, kipaza sauti ni hiki hapa.